Tangi la Dimbeswar

Samaki walijibana kona moja ya tangi, mbali na majani makavu, na hawakutaka kutoka. Moromi aliliona hilo tangu siku ya kwanza. Alipomwambia mumewe, Dimbeswar alimcheka.

"Wanakuogopa wewe na pua hiyo."

Lilikuwa tangi zuri, hakuna ubishi. Dimbeswar alikuwa amekihamishia sebuleni kijito kizima cha msituni: mawe yenye ukoga, mizizi, majani yaliyoyapa maji rangi ya chai, na wale samaki wake wenye vichwa vya nyoka, ambao zamani walikuwa wakimfia kila mara. Safari hii hawakufa. Mashindano ya matangi yalikuwa yamekaribia, na bwana huyo hakuwa na habari na kingine chochote, mke akiwemo.

Kisha shombo likahamia kitandani. Moromi alibadilisha shuka, wapi! Siku moja, akipunguza majani tangini, vidole vyake viligusa kifuko cha wavu, kizito, kinachopumua.

"Acha!" Dimbeswar alimkamata mkono hadi ukauma.

Mama mkwe aliposimuliwa, aliweka kisu chini. "Mwanangu, hicho ni kifuko cha baak," alinong'ona. "Jini la maji, huiga sauti na sura ya mtu. Anayekishika hulitumikisha, lakini halifanyi kazi bure. Muulize mumeo ameliahidi nini. Na likirudishiwa kifuko chake, halimsamehe aliyelifunga."

Jioni ile mvua ilikuwa ikinyesha, Dimbeswar ameketi mbele ya tangi, Moromi anamenya viazi, ndipo sauti ikaita kutoka bwawani nyuma ya nyumba, sauti ya Dimbeswar kabisa, na kikohozi chake, na ile namna yake ya kulivuta jina, "Moromiii, niletee taa," naye Moromi akamgeukia mumewe aliyekuwa palepale, mdomo umefungwa, akingoja amwambie asitoke, amshike, apige hata kelele.

"Nenda," Dimbeswar alisema bila kumtazama. "Si unasikia nakuita?"

Moyo wa Moromi ulivunjika kabla hata ya kuogopa. Alizamisha mkono tangini, akakinyakua kifuko, akakitupa bwawani kupitia dirishani. Dimbeswar alitoka mbio kukifuata. Maji yalipiga kishindo, kisha kimya.

Aliporudi alikuwa ameloa chapachapa, na mpole kuliko siku ya harusi. Alifunua tangi, akamtoa samaki mkubwa kuliko wote, akamtafuna akiwa hai.

"Usiogope, dada. Kwako sina neno."

"Mume wangu..."

"Nilimwambia achague, samaki au wewe." Alijilamba vidole. "Hata hakufikiri."