Kocha wa Kivulini

Siku ya mechi mjini Marlow, Alabama, barafu huisha kabla ya bia. Ndiyo maana ule mfuko wa mwisho kwenye friza ya kituo cha mafuta ulidakwa na watu wawili kwa mpigo, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuachia.

"Dada, nimeushika mimi kwanza," alisema Garland Hutto.

"Umeshika mkia. Mimi nimeshika shingo."

Garland alikodisha mahema. Kila Jumamosi ya mechi mashabiki wa Korongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Cahaba, waliwasha moto wa kuchoma nyama kuzunguka uwanja mzima, na nusu yao walikaa chini ya turubai zake. Alikuwa na haraka, jasho lilikuwa limeulowanisha mgongo wa shati lake, na hakuwa na hamu ya kubishana. Kisha akainua macho. Binti alikuwa amevaa gauni fupi la kijani cha Korongo na mabuti ya ngozi ya rangi ya fedha, nywele nyekundu amezifunga juu kwa utepe, na uso wake ulisema wazi kwamba angeweza kusimama pale mpaka barafu iyeyuke.

"Wateja wangu wanakunywa soda ya moto," Garland alilalamika.

"Na mimi nina saladi ya viazi ya mama yangu garini. Ikichacha utamweleza wewe?"

"Basi tugawane. Ilete saladi hemani kwangu."

"Hivi ndivyo unavyotongoza? Kwa barafu?"

"Leo ndiyo iliyopo."

Twyla Boatwright alicheka, lakini mfuko hakuuachia. Aliubeba mwenyewe mpaka hemani, na jioni Korongo walipofungwa hakuna kati ya hao wawili aliyejua matokeo.

Mapenzi yakakolea. Twyla alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, mchangamfu, mwepesi wa utani. Alimwita Garland "mzee wa turubai", naye akamwita "sukari" mbele ya watu bila aibu. Dewey, kaka yake Twyla, jitu lililowahi kuchezea Korongo, alianza kumwita shemeji kabla hata ya Krismasi. Yote yalikwenda sawa hadi Julai.

Julai kocha wa safu ya mbele, yule anayewafundisha mapande ya watu kusukumana, alichukuliwa na ligi ya kulipwa. Kocha mkuu akatangaza kwamba atamchagua msaidizi mpya bila kumsikiliza mtu yeyote. Watu wa Marlow waliichukulia kauli hiyo kama mwaliko. Walipiga simu redioni mchana kutwa. Walipaka rangi lile Jiwe kubwa la langoni mwa chuo, leo jina hili, kesho jina lile. Waliifuatilia ndege ya chuo kwenye simu zao, na ilipotua Tulsa mji mzima uliapa kwamba imekwenda kumleta kocha fulani wa huko. Ilikuwa imekwenda kutengenezwa.

Twyla hakuwahi kupiga simu redioni maishani mwake. Sasa akawa anapiga kila siku. Alitaka mtu mmoja tu: Ransom Tidwell, aliyewahi kuwa msaidizi hapo Cahaba akaondoka vibaya, na sasa alikuwa akifundisha chuo kidogo huko Arkansas ambacho hakuna aliyekijua. Alichapisha fulana zenye maandishi MRUDISHENI TIDWELL na kuwavisha wagonjwa wake wakiwa bado na ganzi mdomoni.

Kilichomchoma Garland hakikuwa fulana. Kilikuwa jina. Watu wote walisema Kocha Tidwell. Twyla alisema Ransom.

"Ransom angewanyoosha hawa watoto," alisema akila nyama choma.

"Ransom amekupigia?" Garland aliuliza, akijifanya anatafuta chumvi.

"Anipigie mimi kwa nini?"

"Nauliza tu."

Aliitafuta picha ya yule bwana mtandaoni. Mabega mapana, kidevu kama cha mtu wa kwenye tangazo la wembe wa kunyolea. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha akaenda kujitazama mwenyewe kwenye kioo cha bafuni, jambo ambalo mwenye wivu hapaswi kulifanya.

Jumapili moja walikaa barazani kwa Twyla wakiambua kunde. Mikono yake Twyla ilisimama.

"Unajua kwa nini namtaka Ransom? Jambo hili sijamwambia mtu, Garland. Kiangazi kimoja walifanya mazoezi kwenye jua la kufa mtu. Ransom akamtoa Dewey uwanjani, akampeleka kivulini, chini ya ule mti mkubwa wa mpekani pembeni ya uwanja, akakaa naye chini amemshika kichwa. Mimi nilikuwa pale pale. Yule mwanamume ana mikono ya..."

"Mikono imetosha," Garland alisema. "Sukari, kuna kitu kinaungua jikoni."

Hakukuwa na kitu kinachoungua. Twyla alimwangalia kidogo, akarudi kwenye kunde zake. Hakuendelea tena na habari ile, na Garland alijiona ameshinda.

Kesho yake alijifungia ghalani katikati ya marundo ya turubai, akaifunika simu kwa taulo, akampigia Buck Ainsworth, mtangazaji ambaye sauti yake ilisikika katika kila duka la Marlow.

"Earl wa Pine Level yuko hewani," alisema Buck. "Sema, Earl."

"Nasikia mnamtaka Tidwell," Garland alinguruma kupitia taulo. "Huyo ni kocha wa kivulini. Jua likichomoza kidogo anawakusanya vijana chini ya mpekani kama kuku na vifaranga. Mnataka safu ya mbele au mnataka kulea vifaranga?"

Buck alicheka mpaka akakohoa. Kufikia jioni, mji mzima ulikuwa unasema Kocha wa Kivulini. Keshokutwa yake Jiwe lilichorwa mti, na chini yake libaba limelala na kofia usoni. Garland alipita pale na gari lake, akacheka peke yake, ingawa kicheko hakikufika mbali.

Simu yake ililia kabla hajafika ghalani.

"Uko wapi?" Twyla aliuliza.

"Njiani, mpenzi. Naingia ghalani."

"Usiondoke."

Alikuja na sare yake ya kazini, ile ya bluu yenye michoro ya meno yanayotabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Earl hajambo?" aliuliza.

Garland alishika kamba iliyokuwa karibu akaanza kuikunja. "Earl yupi?"

"Juzi nilikuwa nimeshika mrija wa kufyonzea mate mdomoni mwa Bibi Odom, redio iko wazi. Nikasikia mpekani. Nikajiambia hapana, si Garland. Nimejiambia hivyo siku nzima ya jana, mpaka nimeliona Jiwe leo. Nilimwambia mtu mmoja duniani habari ya ule mti. Mmoja."

"Twyla, huo ulikuwa utani wa mpira tu."

"Mbona utani umevaa taulo?" aliuliza, akilitazama lile taulo lililokuwa bado juu ya turubai.

Garland akasema lililokuwa linamla siku zote. "Ulimpenda?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Unamwita Ransom."

"Kwa sababu ndilo jina lake, Garland." Alimpokonya ile kamba. "Nilikuwa nakupa jambo ambalo sijawahi kumpa mtu. Ukanikatiza, kisha ukachukua kile kipande ulichokisikia ukaenda kukitangaza redioni. Na wewe ndiye uliyefanya hivyo, wewe unayekula kwa kuuza kivuli."

Aliondoka bila kubamiza mlango, na hilo lilimwogopesha Garland zaidi. Alimpigia mchana, akampigia jioni. Kesho yake alipiga kliniki, akaambiwa Bi Boatwright yuko na mgonjwa. Alipopiga tena, mgonjwa alikuwa bado yuko. Katika Alabama yote hapakuwa na jino linaloumwa kwa muda mrefu kama lile.

Aliyekuja ni Dewey, akirudisha jiko la nyama aliloliazima. Aliliteremsha kwa mkono mmoja.

"Shemeji," alisema. "Au nikuite Earl?"

"Niite unavyotaka. Amesema nini?"

"Hasemi. Ndiyo maana nimekuja mimi." Dewey aliketi juu ya rundo la turubai, nalo likabonyea. "Siku ile nilikuwa nimeacha kutoka jasho. Unajua maana yake? Mtu wa ukubwa wangu, kwenye jua lile, ngozi imekauka kama karatasi. Nikaanguka. Kocha mkuu wa wakati ule akasema niachwe, nitaamka mwenyewe, wavivu huamka. Ransom akanikokota mpaka kivulini. Twyla alikuwa amekuja kuniletea chakula. Ransom akampigia kelele alete barafu, naye akakimbia akarudi na mifuko, mmoja baada ya mwingine, wakanizika humo mpaka shingoni. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mama yangu angenizika kwingine."

Garland aliketi naye juu ya turubai.

"Ransom akafukuzwa kwa kuvunja amri," Dewey aliendelea. "Sisi tukanyamaza, maana chuo kilikuwa kinanisomesha bure. Mtu kaniokoa na sisi tukanyamaza. Twyla hajawahi kujisamehe. Hata leo mwone akishika mfuko wa barafu, hauachii."

Hapo Garland aliona aibu, aibu halisi, ile inayoanzia masikioni. Alikumbuka ile friza ya kituo cha mafuta. Alikuwa amependa ung'ang'anizi ule bila kuuliza ulitoka wapi.

"Naweza kuyasema haya?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeanguka, na mimi nakuruhusu. Ila yaseme bila taulo."

Akapiga mchana ule ule, wakati wa chakula, wakati mji mzima unasikiliza.

"Garland Hutto wa Marlow," alijitaja. "Ila Jumatatu nilikuwa Earl wa Pine Level."

Kwa mara ya kwanza tangu redio ile ianzishwe, Buck Ainsworth aliacha mzaha. "Endelea, bwana."

Garland aliendelea. Alisema jua, alisema mti, alisema barafu, alimtaja Dewey kwa jina. "Mimi ndiye niliyemwita Kocha wa Kivulini, na sikujua hata ninachokisema. Nilisema kwa wivu."

"Wivu wa ukocha?"

"Wivu wa mwanamke, Buck. Mwanamke wangu alimsifu, nami sikuweza kuvumilia kumsikiliza mpaka mwisho. Kama bado ni wangu. Siamini kama bado ni wangu."

"Mungu akusaidie, Earl," alisema Buck kwa upole, na simu iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja kutoka upande wa mtoni.

"Mwanangu anaanza mazoezi hapo Agosti," mama alisema. "Mimi mpira siujui. Nipeni huyo wa kivulini."

Wakafuata akina mama wengine, kisha akina baba, kisha mzee mmoja aliyeapa kwamba tangu mwanzo alikuwa upande wa Tidwell, yeye aliyechora lile libaba lililolala. Ijumaa Jiwe lilipakwa upya: mti ule ule, na maneno KIVULI KWANZA. Wiki iliyofuata kocha mkuu akamwajiri Ransom Tidwell, akasema alikuwa ameamua siku nyingi na hakumsikiliza mtu. Kila mtu Marlow alijua ni simu yake yeye mwenyewe iliyofanya kazi.

Twyla hakumpigia Garland.

Siku ya kwanza ya mazoezi Garland aliomba ruhusa ya kusimamisha hema pembeni mwa uwanja, karibu na mpekani, na mabeseni ya barafu chini yake. Alikuwa amepiga magoti akipigilia vigingi vya hema alipoyaona mabuti ya fedha yakija kwenye nyasi. Kando yake alitembea Ransom Tidwell. Mabega yalikuwa yale yale ya kwenye picha. Mkono wake ulikuwa begani kwa Twyla, naye Twyla alikuwa akifuta macho.

Wivu ulimpanda Garland tena, mzima mzima, kama vile hakujifunza kitu. Aliuweka kando. Akaendelea kugonga vigingi.

Tidwell alimpa mkono, akalitazama hema. "Wewe ndiye Earl," alisema, akacheka, akaenda kwa vijana wake. Twyla alibaki. Aliingia chini ya turubai, akakaa juu ya beseni lililofunikwa, gauni lake la maua likipepea kidogo.

"Nimalizie ile hadithi?" aliuliza.

"Malizia."

"Ana mikono ya baridi. Ndivyo nilivyotaka kusema siku ile. Ilikuwa imekufa ganzi kwa barafu na hakuitoa. Na ndiyo, nilimpenda. Wiki nzima. Nilikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa amemwokoa kaka yangu, ulitaka nimpende nani? Kisha mke wake akaja nyumbani na keki ya nazi, akanikumbatia, nikaona haya, ikaisha."

"Wiki nzima?"

"Garland."

"Nauliza tu." Aliweka nyundo chini. Magoti yake yalikuwa bado kwenye nyasi, na aliona hakuna sababu ya kuinuka. "Earl wa Pine Level ana swali."

"Sitaki kumsikia huyo."

"Basi Garland wa Marlow."

Twyla alimtazama, akaangalia magoti yake, akaangalia barafu. "Huyo aulize," alisema. "Lakini aniache nijibu mpaka mwisho."

Akauliza kama angekubali kuolewa naye. Jibu lilikuwa refu, na sehemu kubwa yake ilikuwa matusi, na Garland hakumkatiza hata mara moja mpaka lilipofika kwenye ndiyo.