Presha ya Bibi Mkononi mwa Chiriku

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kunywa chai, Chiriku alimpima bibi yake presha. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu ugonjwa wa kuambukiza uenee, wazee waliombwa wasijazane zahanati. Ndipo Daktari alipomwazima Bibi mashine ndogo ya kupimia, na Chiriku akawa wa kumsomea namba kila alipopiga simu.

Asubuhi hiyo alimfunga Bibi mkanda mkononi, akabonyeza kitufe. Namba zilikuwa juu mno. Bibi akazitazama, akaguna.

"Hebu vaa wewe."

"Mimi? Siumwi mimi, Bibi."

"Vaa, mke mwenzangu. Leo tutamsomea zako."

Chiriku akacheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka.

"Daktari akisikia hizi ataniita zahanati, nami siendi. Zamani alikuwa akinishika mkono, tukapiga soga kwanza. Siku hizi kajifunika uso mzima, kakaa nyuma ya kioo, ananifokea kana kwamba nimemwibia kuku! Yule si daktari wangu."

Chiriku akamwonea huruma, akavaa mkanda.

Simu ilipoita, aliweka sauti kubwa ili Bibi asikie, kisha akasoma namba zake mwenyewe.

"Hee! Hongera, Bibi!" Daktari akashangilia. "Hii ni presha ya kigori!"

"Damu bado mbichi, mwanangu," Bibi akajibu, akimkonyeza mjukuu wake.

"Basi tupunguze dawa. Kile kidonge cha jioni kiache."

Tabasamu la Chiriku likayeyuka. Aliikumbuka siku Bibi alipoanguka jikoni, kabla hajaanzishiwa kidonge hicho. Bibi akamtolea macho kumnyamazisha. Chiriku alizijua hasira za Bibi, na aliziogopa. Lakini kumwona ameanguka tena aliogopa zaidi.

"Daktari, usipunguze!" akaropoka. "Namba hizo ni zangu!"

Daktari akaangua kicheko, mpaka akakohoa. Alipotulia, sauti yake ilikuwa nyingine. "Nisomee za Bibi."

Chiriku akazisoma.

"Bibi, pumzika hapo hapo. Nakuja."

Haukupita muda, Daktari akapiga hodi, barakoa usoni. Bibi, aliyekuwa ameketi barazani, akamgeuzia mgongo. Daktari akabaki kule mwisho wa ua, akaishusha barakoa.

"Bibi, nitazame. Ni mimi."

Bibi akageuka. Uso aliouona ulikuwa umekonda, na kamba za barakoa zilikuwa zimechora mistari mashavuni. Hasira zote zikamwisha.

"Mwanangu, kwani huli?"

"Nakula nikipata nafasi," Daktari akacheka. Akavaa tena barakoa, akasogea, akampima Bibi kwa utaratibu na kumpa dawa. "Kioo kile ni kwa ajili yako. Nashinda na wagonjwa, naweza kukuambukiza. Kosa langu ni kwamba sikukueleza, nikakuacha unune peke yako. Kuanzia sasa wazee nitawaona nje, penye hewa, tuongee bila kupigiana kelele."

"Na kosa langu je?" Bibi akasema, akitazama chini kwa haya. "Njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia kwenye mkono wa mtoto!"

Wote wakacheka, Chiriku kuliko wote.

"Sikiliza, Chiriku," Daktari akasema. "Kwenye simu mimi sioni kitu. Macho yangu ni wewe, na ukinidanganya, dawa nitakayotoa itakuwa sumu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali Bibi ameumbuliwa na mjukuu wake."

Bibi akafyonza kwa utani, akaagiza maji, akameza mbele yao wote kile kidonge alichopewa.