Aliyeitwa Mara Mbili Gasorwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana mi sipendi mtu anichekee katikati ya maneno. Mambo haya yalimkuta Husni, mtoto wa shangazi yangu, hapa hapa Yoba, mtaa wetu wa Gitega. Mi ni Juma, fundi cherehani, sina faida yoyote ya kuzua.

Ilikuwa likizo kubwa, mwezi wa saba, vita bado iko mabarabarani. Husni alikuwa anasoma fizikia Bujumbura, ameshapita licence, ile digrii ya kwanza, na profesa wao Donatien, Mkongo wa Uvira, alikusanya wanafunzi wachache wakae pamoja Gitega wiki kadhaa. Mchana kutwa wanajadili vitu vidogo visivyoonekana, wanaviita chembe, ati vinatoka angani na kutupitia mwilini kila dakika. Jioni Husni alikuwa anakuja kwangu kunywa chai na kunieleza. Namwambia, "We, mimi hapa hata sindano naitafuta kwa tabu." Anacheka sana.

Walikuwa na mashine ya mirija miwili. Chembe ikipita kwenye mrija mmoja tu, hawaiamini, pengine ni kelele ya waya. Ikipita yote miwili kwa pamoja, mashine inalia *tik*, hapo wanasadiki. "Ni sheria ya bibi, Juma," Husni aliniambia. "Si alitukataza kuitika tukiitwa mara moja? Mzimu hauiti mara mbili. Na sisi tunangoja ya pili."

Lakini Husni alikuwa na lake. Kaka yake Abubakari, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amepotelea Gasorwe, kule Muyinga, miaka miwili nyuma. Hakuna maiti, hakuna habari. Mkewe Swabra si mke, si mjane. Shangazi alikuwa anamwekea Abubakari sahani kila siku, halafu chakula kinapoa. Profesa aliposema wapeleke mashine juu ya kilima kirefu zaidi, Husni ndiye aliyetaja Gasorwe. Shangazi alimshika mkono mlangoni. "Niletee kaka yako, mwanangu. Mzima au kaburi lake, yote mamoja."

Yaliyotokea kule nilielezwa na Providence, msichana wa Bukavu aliyekuwa anasoma nao. Mkristo yule, na si mtu wa maneno mengi.

Walifika mchana, jua kali. Mashine ikiangalia juu, ililia vizuri. Wakailaza ubavu ielekee upeo wa vilima, kwa sababu upande ule chembe ni chache mno. Ilipaswa kunyamaza. Na kweli ilinyamaza, mpaka ilipoelekea nyumba moja iliyoungua bondeni, haina paa, haina watu.

*Tik. Tik. Tik.*

Profesa alibadilisha betri. Akakaza waya. Wakaigeuza pembeni, kimya. Wakairudisha kwenye ile nyumba, ikalia mbio kuliko mwanzo.

"Turudi," Profesa alinong'ona. "Tout de suite, sasa hivi."

Hapo ndipo sauti ilipoita kutoka kwenye ile nyumba.

"Husni!"

Wote walisikia. Husni aliweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa, akatabasamu. Wakangoja. Upepo haukuwepo.

"Husni!"

"Ni kaka," alisema, na machozi yakamtoka. "Providence, ni kaka yangu! Naam, kaka! Nakuja!"

Akateremka mbio. Providence alitaka kumfuata, Profesa akamshika. Husni aliingia ndani ya ile nyumba na mashine ikanyamaza.

Alitoka baada ya muda mfupi. Alipanda kilima polepole, akimwangalia kila mmoja usoni.

"Na we ni nani, dada?" alimwuliza Providence.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani, Husni alisikia! Alingoja ya pili!

Walimrudisha Yoba. Hakwenda chumbani kwake. Alivua viatu mlangoni kwa Swabra, akaingia, akamwuliza taratibu, "Umeacha kuota ile ndoto ya maji?"

Swabra alipiga ukelele mtaa mzima ukatoka. Ndoto ile alimwambia mtu mmoja tu duniani, mumewe, asubuhi aliyoondoka.

Shangazi hakulia. Alikaa jikoni akiwa amejishika kichwa. "Nilituma mmoja amtafute mwingine, Juma. Nimebadilishiwa." Halafu akanivuta karibu. "Ijumaa mwambie imamu amswalie Abubakari swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Taja jina lake kwa sauti. Akisikia ameswaliwa atakwenda zake, na Husni wangu atarudi."

Ijumaa ikafika. Baada ya swala tulisimama tena safu. Mi nilikuwa mbele kabisa. Yule aliyerudi Gasorwe alikuwa safu ya nyuma, na kofia ya Husni kichwani. Imamu aligeuka.

"Tunamswalia nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jina ulimini.

Nyuma yangu sauti ya Abubakari ikasema, "Husni."

Imamu akageukia kibla, akapiga takbira kabla sijavuta pumzi. Msikiti mzima ukafuata. Tulimswalia Husni, tukamwombea maghufira, tukatoa salamu. Katikati ya dua mtu alinivuta kanzu kwa nguvu sana. Nilidhani ni mtoto wa mtu anacheza.

Shangazi sasa anakula na mwanawe mmoja, na hakuna anayemwita kwa jina.

Jioni ya Ijumaa ile mke wangu Zaituni alichukua kanzu kuifua, akaniita uani. Mgongoni palikuwa na alama za vidole vitano vya mtu mzima, tope jekundu, bado bichi. Kiangazi kile mvua ilikuwa haijanyesha Gitega tangu mwezi wa tano.