Vipande Kumi na Kimoja

Saa nne na nusu asubuhi, mwaka 1957, pikipiki aina ya BSA ilikuwa ikikata mchanga wa Temeke kuelekea Kurasini. Land Rover ya kijivu ilikuwa nyuma yake, hatua mia mbili, na ilizidi kusogea.

Nyuma ya kiti cha pikipiki palifungwa sanduku la misumari.

Halikuwa na misumari.

Lilikuwa na bastola sita aina ya Webley, zimepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye gazeti la Kiingereza. Alfajiri ile Anjelina, mke wa Polikarpo, alikwenda kuokota mayai akazikuta zimefukiwa chini ya majani ya banda la kuku. Hakupiga yowe. Alifunga mlango wa banda, akajifunga khanga kiunoni, akampelekea habari mtu mmoja tu.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa juu ya BSA. Jina lake Revelian.

Mji mzima ulimjua kama mtayarishaji wa sauti katika chumba cha habari cha redio ya serikali, kijana wa Bukoba mwenye miwani na nyembe mfukoni za kukatia kanda. Watu watano tu walijua kwamba alikuwa mpelelezi wa kamati ya siri ya wafanyakazi wa bandari. Waingereza walimfundisha kazi ya kusikiliza. Yeye akaamua kuwasikiliza wao.

Risasi ya kwanza ilipita juu ya kofia yake.

Ya pili ilivunja kioo cha pembeni.

Revelian aliacha barabara. Aliingiza pikipiki kwenye kinjia cha watu wanaokata kuni za mikoko, akainama, akakaza mkono. Land Rover ikamfuata kwa kiburi. Dereva wake alikuwa mgeni na hakujua kwamba maji ya bahari yalikuwa yametoka saa hiyo hiyo na kuacha tope tupu. Magurudumu manne yalizama kwenye tope hadi mlangoni.

Revelian alikata kamba kwa wembe, akalitupa sanduku mkondoni. Halafu akarudi barabarani taratibu, akasimama kwenye duka la Mhindi kuomba simu.

"Nambari," ilisema sauti ya posta.

"Chumvi imemwagika majini."

"Yote?"

"Mifuko sita."

Sauti ile ilikuwa ya Salumu, mpokeaji simu wa posta na mkuu wa kamati. Mtu akikaa kwenye waya za simu za mji, hakuna kinachompita.

"Basi Pargeter kabakiwa na karata moja," alisema Salumu. "Na ndiyo kubwa."

Pargeter alikuwa wakala wa meli mwenye suti nyeupe na masanduku ambayo hayakupenda kufunguliwa. Yalikuwa yakiingia bandarini yamechorwa nyota mbili, yameandikwa kuwa ni vipuri vya cherehani. Polikarpo, mwenyekiti wa makuli, mtu wa kusini, mpole na mgumu, aliwakataza watu wake wasiyabebe mpaka yafunguliwe. Tangu siku hiyo Pargeter alitaka kichwa chake, na bastola za banda la kuku zilikuwa karata yake ya kwanza.

"Sema, bwana," alisema Revelian.

"Nimewasikia sasa hivi, yeye na inspekta wa polisi. Habari ya saa saba itakuwa na sauti ya Polikarpo anawaambia watu wachome maghala. Ikitoka tu, askari wanamchukua. Huyo hatorudi, Revelian."

"Hajasema hivyo. Nilimrekodi mwenyewe Jumapili, pale Temeke, neno kwa neno."

"Ndo hiyo hiyo kanda yako. Imekatwa."

"Na nani?"

Salumu alishusha sauti. "Pargeter kamwambia inspekta, akiulizwa ni mkono wa nani, aseme ni wako."

Simu ikakatwa.

Saa tano na robo Revelian aliingia redioni kwa mlango wa nyuma. Begani alining'iniza mashine ya kurekodia aina ya EMI. Mahali pa betri za akiba palikaa bastola ndogo ya Browning.

Mwanabaraka, mpiga taipu wa chumba cha habari, aliinua macho kutoka kwenye Remington yake. Alikuwa mmoja wa wale watano.

"Kaka Revelian, pale mapokezi kuna mzungu anasoma gazeti lililogeuzwa juu chini."

"Wa Pargeter. Kanda iko wapi?"

"Ililetwa asubuhi, mkubwa kaisaini bila kuisikiliza, kaenda zake klabu." Alivuta mtoto wa meza. "Saa sita na dakika hamsini inatakiwa studio. Mie nimekaa kitako hapa, najifanya sijui kitu."

Revelian aliipachika kanda kwenye mashine ya Ferrograph, akavaa spika za masikioni.

Sauti ya Polikarpo ilikuja, nzito na ya taratibu. Tuchome maghala. Leo. Tusiogope askari.

Dakika moja na nusu. Kazi safi kupita kiasi.

Aliirudisha mwanzo, akafumba macho. Safari hii hakusikiliza maneno. Alisikiliza pumzi. Mafundi wote wa redio ile walifundishwa na Mwingereza mmoja aliyechukia kusikia mtu akipumua hewani. Walikata pumzi zote, watu wakawa wanasema mfululizo mpaka msikilizaji mwenyewe anachoka. Hapa Polikarpo alikuwa anapumua kabla ya kila sentensi. Mkataji alimwachia pumzi zake, na kwa sababu hiyo uongo ulisikika kama kweli.

Watu wawili tu walikata hivyo.

Mmoja alikuwa yeye. Wa pili ni yule ambaye Revelian mwenyewe alimfundisha, jioni baada ya jioni, wakigawana sigara moja.

Adelard.

Revelian alivua spika. Adelard wa kijiji kimoja naye. Adelard aliyeishi naye chumba kimoja Kinondoni miaka mitatu, ambaye siku ya kufunga ndoa alimwomba awe msimamizi wake, na mwaka uliofuata akamwomba awe baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Iliuma. Iliuma vibaya, na hapakuwa na nafasi ya kukaa chini.

"Umemjua?" aliuliza Mwanabaraka.

"Nimemjua."

"Utafanyaje? Kanda yako ya Jumapili ndo imekatwa hiyo, nyingine hamna. Ukiificha, Pargeter ataleta nyingine."

Hapo Revelian alikumbuka kitu. Katika chumba kile cha habari hakuna aliyetupa kipande kabla kipindi hakijatoka. Mkubwa aliweza kuja dakika ya mwisho akadai sentensi irudishwe, na asiye na kipande alifukuzwa kazi. Kwa hiyo kila kilichokatwa kiliandikwa namba kwa penseli ya njano, kikatundikwa kwenye msumari mpaka kanda irushwe. Ndilo somo la kwanza alilompa Adelard. Alimkumbusha siku nyingi, mara moja hata kwa kumfinya sikio.

Jasusi wa kweli angevichoma.

Lakini Adelard hakuwa jasusi. Alikuwa fundi, na kazi ya siri kama hii angeifanyia nyumbani kwake.

BSA ilifika Kinondoni saa tano na dakika hamsini. Kanda ya uongo ilikuwa ndani ya shati la Revelian. Kokuberwa, mke wa Adelard, alikuwa uani anachambua maharage.

"Karibu shemeji. Mwenzio katoka muda si mrefu. Alisema atakula mjini, leo zamu yake saa saba."

"Kuna vipande vyangu kaviweka humu."

"Vile vya nyuma ya mlango? Kaniambia nisiviguse mpaka saa saba ipite. Mie hata kufagia sijafagia." Alicheka. "Chai ipo."

"Siku nyingine, shemeji."

Alisukuma mlango wa chumba. Nyuma yake, kwenye msumari, vilining'inia vipande vya kanda vya rangi ya kahawia, vingine virefu hadi sakafuni. Namba za njano ziliandikwa kwa mwandiko aliousoma kila siku ya kazi.

Moja mpaka kumi na moja.

Alisimama pale akivitazama. Moyoni alikuwa ameomba asivikute. Angekuwa tayari kumpoteza hata Polikarpo kwa dakika ile moja, na wazo hilo lilimtia aibu. Akavitoa msumarini kimoja kimoja, akavikunja ndani ya leso.

Mezani palikuwa na picha ya ndoa. Yeye na Adelard, suti za kuazima, wote wawili wamekaza shingo. Chini ya picha palikaa fomu ya masomo ya utangazaji Uingereza, miezi sita, nafasi moja. Waombaji wawili. Jina la Revelian lilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, neno lenye maana ya: *atashughulikiwa*.

Bei ya rafiki ilikuwa hiyo.

Saa sita na dakika kumi na nane alijifungia kwenye chumba cha mashine kule redioni. Wembe. Utepe wa kunata. Kipande cha kwanza mahali pake. Cha pili. Jasho lilimwingia machoni, akalipangusa kwa mkono wa shati.

Saa sita na dakika arobaini na sita alibandika cha kumi na moja.

Dakika moja na nusu ilikuwa imegeuka dakika nne. Aliirudisha kanda kwenye boksi lake, Mwanabaraka akalichukua na karatasi za habari, akaliweka studio juu ya mashine.

Studio ya habari ilikuwa chumba kimoja kidogo. Kuta zilitundikwa mablanketi ya jeshi ili sauti isirudi. Fransis, msomaji, alikuwa kwenye meza. Adelard aliingia saa saba kasoro dakika tatu, akakaa kwenye mashine, akaipachika kanda bila kuitazama mara ya pili. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa tai.

Taa nyekundu ikawaka.

Fransis alisoma habari ya gavana. Akasoma ya pamba. Kisha akasema, "Jumapili iliyopita huko Temeke, mwenyekiti wa makuli Polikarpo alihutubia wafanyakazi." Akafunga kipaza sauti. Adelard akabonyeza.

*Ndugu zangu,* alisema Polikarpo, nchi nzima ikimsikia, *kuna watu wanapita usiku wakiwaambia tuchome maghala. Mie nawauliza, nani anafaidika?*

Adelard aliganda. Maneno yale aliyakata kwa mkono wake.

Akanyoosha kidole kuzima mashine.

Blanketi la ukutani nyuma yake lilifunguka. Browning ilimgusa nyuma ya sikio.

"Acha izunguke," alinong'ona Revelian.

Fransis alitazama, akarudi kwenye karatasi zake kwa heshima zote.

*Na masanduku yenye nyota mbili,* aliendelea Polikarpo, *yako ghala namba tatu. Serikali iyafungue mbele yetu. Kama ni cherehani, mie nitayabeba mwenyewe mgongoni. Msiguse kitu cha mtu. Kaeni majumbani.*

Mlango ulipigwa kwa nje. Mara moja. Mara mbili. Mzungu wa mapokezi alikuwa amegundua. Lakini mlango wa studio ulikuwa mnene, na komeo lake Revelian alikuwa amelisukuma kwa ndani alipotoka nyuma ya blanketi. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa, na wasikilizaji hawakusikia ila Polikarpo.

"Reve," alisema Adelard kwa sauti ndogo. "Waliniambia watamfunga mwezi mmoja tu. Mtu mmoja, mwezi mmoja."

"Na mie?"

Adelard alitazama kanda ikizunguka.

"Ulimwachia pumzi zake, Adelard. Ulijua zitanielekeza gerezani mie."

"Nilitaka kwenda. Wewe unajua nilivyotaka kwenda. Wewe kila kitu unakipata kwanza."

Kanda iliisha. Fransis akafungua kipaza sauti na kuendelea na habari ya mvua.

Kwenye mapokezi kiti kilikuwa kitupu, gazeti sakafuni. Simu ya Mwanabaraka ililia.

"Inspekta kageuza gari," alisema Salumu. "Hawezi tena kwenda Temeke, nchi nzima imesikia. Kaenda ghala namba tatu na askari kumi na wawili, na makuli mia tatu wanamtazama. Pargeter kakamatwa getini na suti yake. Wewe?"

"Mzima."

"Mkata kanda?"

Revelian alimtazama Adelard, aliyekuwa amesimama mlangoni pa studio, tai imelegea.

"Hayupo kwenye ripoti yangu," alisema, akakata simu.

Alivua kitambulisho cha kazi, akakiweka juu ya Remington ya Mwanabaraka. Mkubwa akirudi kutoka klabu angekihitaji. Baada ya kanda ile hakuna ambaye angembakiza kazini. Akabeba EMI yake begani.

"Reve, subiri," alisema Adelard. "Sema kitu. Nitukane basi."

Revelian alisimama. Hakuwa amepanga kumwambia. Lakini alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake.

"Ijumaa nilikwenda kwa mkubwa kuondoa jina langu kwenye yale masomo. Nilimwambia wewe una mtoto, nenda wewe. Alisaini mbele yangu."

Adelard aligeuka kutazama mlango wa ofisi ya mkubwa.

"Barua yako iko kwenye meza yake tangu Jumatatu," alisema Revelian. "Kaichukue."

Akavaa kofia, akashuka ngazi bila haraka, akaiwasha BSA.