Kovu Juu ya Jicho la Kushoto

Siku ya soko, Kabanga haina adabu. Basi la kutoka Ngara mjini halijasimama vizuri, wabadilisha fedha wameshaning'inia madirishani, akina mama wa parachichi wanaitana kwa Kihangaza na Kirundi, na katikati ya vurugu hiyo Melania binti Bernardo anashuka kinyumenyume, amekumbatia kioo cha kompyuta kizito kama mtungi uliojaa maji. Alikifunga kwa kanga ya mama yake. Yeye mwenyewe alivaa gauni la maua ya njano lililobana kiuno, na viatu vya kisigino. Kisigino kikazama topeni, kioo kikamponyoka.

Mikono miwili ikakidaka.

"Dada, televisheni yako inataka kujiua."

"Si televisheni, ni kompyuta. Na mimi si dada yako."

"Basi wewe ni nani wangu?"

Melania akainua macho. Alimwona kijana mrefu, shati la kijani lililopigwa pasi vizuri ingawa kifungo kimoja kilikosekana, na juu ya jicho la kushoto kovu lililopinda kama mwezi mchanga.

"Mimi ni wa studio ya Mzee Ndassa, pale penye mlango wa bluu," Melania alisema. "Beba, tutajuana mbele."

Kijana aliitwa Nzeyimana. Alikuwa mkimbizi wa kambi ya Lukole tangu mwaka tisini na tatu, alipovuka mpaka akiwa na miaka kumi, akapotezana na mama yake njiani. Mwaka ule wa 2006 shirika moja lilimpa Mzee Ndassa kazi ya kupiga picha wakimbizi waliokuwa wakitafuta ndugu, ili picha zibandikwe kwenye mbao za matangazo pale mpakani. Mpigaji alikuwa Melania. Aliyeita majina kwenye foleni, kumbe, ni Nzeyimana.

Basi mapenzi yakapata kazi ya kusingizia. Kila Jumanne Melania alikwenda Lukole na kamera, akaweka kigoda kimoja mahali pamoja, akanyoosha uzi wa kupimia toka kamera hadi puani, nyuso zote zikae sawa. Jioni simu ililia mara moja ikakata.

"Ukinibip tena nakuzimia simu," Melania alimpigia.

"Mpenzi, vocha ni ya watu wenye kompyuta."

"Umekula?"

"Nimekula maharage na sauti yako."

"Muongo wewe! Baba anauliza lini unakuja nyumbani."

Mzee Bernardo alishasema wazi: kijana hana kosa, lakini binti haposwi na mtu anayejisemea mwenyewe. Aje na mzazi, aje na pombe ya ndizi, mkubwa aongee na mkubwa.

"Nikimpata mama," Nzeyimana alisema polepole, "ndiye atakuja kusema kwenu. Ile picha yangu tu, Mela. Sura yangu imekua, lakini kovu hili atalijua. Niliangukia figa lake mwenyewe."

Melania alisikia, ila alisikia kama msichana anayependa: sauti iliingia, maneno yakabaki mlangoni.

Picha zilifika mia tatu arobaini na sita. Kila moja ilitaka kukatwa pembeni, kuwekwa kipimo, kung'arishwa, kuandikwa namba. Kufikia ya arobaini vidole vilimuuma. Ndipo alipokumbuka jambo alilofundishwa kozini Mwanza: kitufe cha duara, chekundu, cha kurekodi. Ukikibonyeza, programu ya picha inakutazama kama mkwe mgeni jikoni, kila unachofanya inakikariri. Ukisimamisha, unaionyesha foda nzima ya picha, nayo inarudia yaleyale kwa kila picha bila kuchoka.

Akachagua picha ya kuifundishia. Nani mwingine? Akaifungua sura ya Nzeyimana. Akakata, akapima, akang'arisha. Kisha, kwa mkono wa mazoea, akazungushia uso duara na kuita amri ya kufuta vumbi na mikwaruzo, ile aliyozoea kusafishia picha chakavu za wazee. Ngozi ikawa laini kama ya bwana harusi.

"Mpenzi wangu unang'aa," akakiambia kioo. Akaiamuru mashine irudie kwa foda nzima na kuhifadhi juu ya picha zilezile, akaenda kunywa chai na chapati. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha.

"Binti, umeroga?" Mzee Ndassa alishangaa.

"Nimefundisha, bosi. Sijaroga."

Wiki mbili baadaye Nzeyimana aliingia studio bila kubisha. Mkononi alishika picha aliyoibandua mpakani.

"Huyu nani?"

"Wewe, jamani! Hujipendi?"

"Kovu langu liko wapi, Melania?"

Melania akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mzee Gahungu hana ndui yake. Yule binti mwenye alama ya moto shavuni, shavu jeupe pee. Ndugu zetu wanapita mbele ya mbao wanatafuta alama, wewe umetupaka unga wote." Sauti yake ilishuka. "Kama ulikuwa unalionea haya, ungeniambia. Nisingekusumbua na habari za posa."

"Nze, sikiliza—"

Mlango wa bluu ukajibu kwa niaba yake.

Melania alipiga simu mara tisa. Haikupokelewa. Alitafuta picha za mwanzo. Hazikuwepo, mashine ilizifunika kama alivyoiamuru, na kadi ya kamera alishaifuta. Hakukaa kulia. Alivua viatu vya kisigino, akavaa raba, akamwendea Mzee Ndassa.

"Bosi, nimeharibu kazi. Nipe kamera siku tatu. Mshahara wa mwezi huu usinipe."

Pale Lukole alisimama juu ya kigoda chake mwenyewe mbele ya foleni.

"Shikamooni wazee wangu. Niliwafuta alama zenu nikidhani nawapamba. Kosa ni langu, si la mashine, ilifanya nilichoifundisha. Naomba mkae tena."

Bibi mmoja asiye na meno akacheka. "Mimi ulinipunguzia miaka thelathini, mwanangu. Sikukasirika."

Foleni yote ikaangua kicheko. Na kutoka nyuma sauti anayoijua ikaanza kuita majina, kavu, bila kumtazama. Zamu yake ilipofika, Nzeyimana alikaa kigodani. Melania akasogea, akamwinamishia kichwa kidogo kushoto, mwanga ulale juu ya kovu.

"Hilo ndilo nililoliona kwanza siku ile ya tope," akanong'ona. "Kabla ya mikono yako."

Nzeyimana akainuka, akaita jina lililofuata. Lakini simu ililia jioni, mara moja, ikakata.

Safari hii alirekodi hatua tatu tu: kata, pima, andika namba. Akajaribu kwa picha tano, akazikagua moja moja, ndipo akaachia foda nzima, na kuihifadhi kwenye foda mpya. Usoni hakugusa.

Siku ya soko iliyofuata, mama mmoja wa upande wa Burundi, kikapu cha njegere kichwani, alisimama mbele ya mbao zenye picha mpya. Alikwishapita hapo mara mbili akaona kijana mzuri wa watu. Sasa kikapu kilishuka chini, njegere zikatawanyika.

"Mwana wanje, mwanangu!" alilia. "Figa langu hili! Figa langu!"

Aliitwa Iteka. Watu wa soko walimleta studio na picha kifuani, na Nzeyimana alipofika mbio toka Lukole, mama hakumkumbatia kwanza. Alinyoosha kidole, akapitisha juu ya kovu toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo akamshika.

Mwezi haukuisha kabla mama Iteka hajaketi barazani kwa Mzee Bernardo, kitenge kipya, kibuyu cha pombe ya ndizi mbele yake.

"Nimekuja kusema kwa niaba ya mwanangu," alisema. "Binti yenu alinificha mtoto, kisha akanirudishia. Aliyejua kuharibu na kurekebisha, huyo anaweza nyumba."

Mzee Bernardo alipokea kibuyu, akaonja, akakipitisha kwa mkewe.

"Lakini sharti," mama Iteka akamgeukia Melania. "Picha ya harusi, makunyanzi yangu nayataka yote."

"Yote, mama. Na kovu lake hapa," Melania akasema, na kidole chake kikatua juu ya jicho la kushoto la Nzeyimana, mbele ya wazee wote.