Tangi Tupu Haligongwi

Siku ya kwanza tangi tupu lilipomwitikia, Hodi alicheka. Angejua, asingecheka. Lakini mtu aliyekaa miaka bila kuitikiwa na yeyote nyumbani kwake, akiitikiwa hata na chuma hufurahi.

Hodi halikuwa jina lake. Wenzake katika kiwanda cha mafuta ya kupikia walimpachika kwa sababu ya kazi yake. Mtu akiingia tangini kukwangua mashapo, Hodi hubaki nje, mdomoni mwa tangi, kamba ya aliye ndani mkono huu na spana mkono ule. Hugonga chuma mara tatu. Aliye ndani hujibu mbili, maana yake: nipo, mzima. Sheria ya kiwanda ilitaka hewa ipimwe kabla mtu hajaingia, kisha waitane kwa mdomo. Lakini mashine za kukamulia zilivuma kutwa, sauti haifiki, na kipimo cha hewa kilikaa ofisini, kukifuata ni safari na maswali. Spana ilikuwa karibu. Wakaizoea, na mazoea yana taabu.

Aliyezoea kuingia ndani alikuwa Shemeji, mdogo wa marehemu mke wa Hodi. Hodi hakuwa na mtu mwingine duniani. Hawakujaliwa mtoto, na tangu mkewe azikwe, meza yake ilikuwa na sahani moja. Shemeji alikaa mtaa wa nyuma na mke na watoto wenye kelele. Asubuhi ambazo zamu zao hazikulingana, alipopita kwenda kazini aligonga dirisha la Hodi mara tatu. Hodi, bila kuinuka kitandani, alijibu mbili ukutani, naye Shemeji akaenda zake. Zipo siku ambazo Hodi hakupata salamu nyingine zaidi ya hiyo.

Basi, mchana mmoja wa mapumziko, wenzake wakaenda kula kwa makundi na hakuna aliyesema, "Hodi, twende." Akakaa peke yake ameegemea tangi la mwisho, nyuma ya bohari. Lilikuwa tupu, mfuniko umekazwa. Spana ilikuwa mkononi, na mkono ukagonga wenyewe, mara tatu.

Ngo, ngo, ikajibiwa kutoka ndani.

Mkaguzi wa usalama, mwanamke waliyemwita Mama Usalama, alikuwa akipita na kofia yake ya manjano.

"Unagonga nini hapo, kaka?"

"Najaribu spana tu, mama."

"Tangi tupu haligongwi." Hakutabasamu. "Usemi huo niliukuta hapa kwa wazee. Ukizoea kugonga pasipo mtu, siku mtu yumo kweli, sikio litakuwa limelala."

Hodi akasema sawa, mama. Kesho yake akarudi.

Ikawa ndiyo mazungumzo yake. Aligonga, akajibiwa, akasimulia. Leo mgongo unauma. Leo nimeota nyumba imejaa watu. Kila alipomaliza, chuma kiligongwa mara mbili taratibu, na mfunikoni ikapenya harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika sandukuni. Hodi hakuichukia, kwa maana hata chumba chake kilinuka hivyo. Alijiambia ni chuma kinapoa. Moyoni alijua chuma kinachopoa hakingoji mtu amalize kusema.

Kisha zamu ya kusafisha ikalifikia tangi lile.

"Shemeji, leo tupime hewa," Hodi alisema.

"Tumeanza lini kupima? Wewe gonga. Nikinyamaza, urithi viatu vyangu."

"Viatu vyako vinanuka."

"Basi usiniache nife."

Wakacheka, na Shemeji akashuka na nyundo yake ndogo.

Hodi aligonga, mbili zikaja. Akasubiri, akagonga tena, mbili zikaja. Mara ya tatu alikuwa amegonga mara moja tu, spana bado iko hewani, jibu likaja, ngo, ngo, taratibu, kama lilivyokuja michana yote ya upweke wake, na pamoja nalo ikapanda ile harufu ya nguo mbichi, ikamjaa puani na kinywani, naye akaelewa kwamba aliyekuwa akimjibu si Shemeji, na kwamba hakujua tangu lini Shemeji alikuwa ameacha kujibu. Akavuta kamba na kamba haikuvutwa na mtu upande wa pili, akapiga kelele na mashine zikaimeza, na kule chini kugonga kukaendelea, mbili, mbili, mbili, kama mwenyeji anayekaribisha ndani, mpaka mguu wake mmoja ukawa tayari umevuka ukingo, ndipo akakumbuka neno ambalo Mama Usalama hakuchoka kulisema, kwamba anayemfuata mwenzake kwenye hewa mbaya hutolewa maiti wa pili. Akaurudisha mguu, akapachika kamba kwenye winchi ya mkono iliyosimama mdomoni mwa tangi, akazungusha huku analia.

Shemeji alitoka midomo ya buluu. Mikono yote miwili ilining'inia mitupu, nyundo imebaki chini. Hodi alimlaza sakafuni na kumpulizia pumzi mpaka akakohoa. Na walipokuwa wote wawili nje, ndani ya tangi kugonga kuliendelea.

Shemeji akapona. Mama Usalama akalifunga tangi, akaagiza kwamba haingii mtu bila kipimo na feni, na aliye nje amwone aliye ndani kwa macho. "Chuma kinaitikia yeyote," alisema.

Hodi akaenda kwa mganga, mzee mkali kidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Jini anapenda patupu. Wewe umebisha kwake kila siku, ukamsimulia na kwako kulivyo kutupu. Unadhani atabaki tangini?"

"Nifanyeje, mzee?"

"Usigonge. Ukigongewa, usiitikie. Na usikae peke yako."

La mwisho lilikuwa gumu. Hodi aliona haya kusema, nichukueni nikae kwenu. Alimwambia Shemeji tu kwamba akipita dirishani aite kwa mdomo, asigonge.

"Nilijibu mwenyewe kule ndani, nimezirai nusu," Shemeji alimcheka. "Majini gani! Lakini haya, nitaita."

Akaita kweli, asubuhi nyingi. Chumba kikatulia, isipokuwa mara mojamoja pipa la maji liligongwa pembeni, na Hodi akajiziba masikio.

Ikaja wiki ya mvua na baridi. Hodi aliingiza jiko la mkaa ndani. Akafunga dirisha, akasokomeza matambara chini ya mlango, maana hakutaka baridi na hakutaka kusikia. Mtu aliyelinda pumzi za wengine miaka yote akaisahau yake. Alijilaza. Kichwa kikawa kizito, kisha miguu. Alipotaka kuinuka, mwili ulikataa, akaporomoka sakafuni, macho yako wazi, ulimi haugeuki.

Kukapambazuka. Nje akasikia viatu vikikanyaga matope.

"Shemeji!" sauti iliita dirishani. "Umeamkaje, Shemeji?"

Hodi alijaribu kusema. Hakikutoka hata kikohozi.

"Wewe Shemeji! Nachelewa mwenzio!"

Mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji alisita, na mkono ukafanya uliyoyazoea: aligonga mara tatu.

Hodi akamshukuru Mungu. Sasa atanyamaziwa, ataogopa, atavunja mlango. Ndivyo walivyokubaliana siku zote, kimya maana yake njoo. Akangoja kimya hicho kwa moyo wote uliomsalia. Na hapo ile harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikampitia usoni, ikaenda ukutani, juu ya kitanda chake, pale pale alipozoea kugonga yeye.

Ngo, ngo.

"Ha! Si wewe uliyekataza kugonga?" Shemeji alicheka kwa furaha nje ya dirisha. "Haya, lala. Jioni nitakuletea chakula."

Viatu vikaondoka kwenye matope, vikafifia, na mvua ikavifunika. Kisha, karibu kabisa na sikio la Hodi, sakafu ikagongwa mara tatu, na aliyegonga akasubiri kuitikiwa.