Gari Lisilozimwa Darajani

Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Frednand. Alidhani waya zimegusana. Pikapu lake lilikuwa kuukuu, la kubebea ndizi kutoka Mabawe kwenda Rusumo, na magari ya umri ule yana visirani vyake. Aligonga dashibodi kwa kiganja, taa ikazimika, akaingia ndani kula.

Kesho yake oltaneta, mashine ya kuchaji betri, ikaungua. Akafunga nyingine ya mtumba, nayo ikaungua. Akajikaza akanunua mpya, na hiyo ndiyo iliyokufa upesi kuliko zote.

Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara tu. Kwa Frednand ilikuwa hofu. Mimba ya mkewe Avelina ilikaribia kutimia, uzazi wa kwanza alifanyiwa upasuaji, na daktari alisema bila kuzunguka: uchungu ukianza, afikishwe hospitali haraka, asithubutu kujifungulia nyumbani. Na jirani pale hapakuwa na gari jingine.

Akamwita Wiston, fundi umeme wa magari kutoka Biharamulo, mtu wa masihara mengi, akaja na oltaneta nyingine, akaifunga.

"Kaka, kaboni nzima, beringi nzima, mkanda umekaza," Wiston alisema akijifuta grisi. "Inachaji vizuri kabisa."

"Ikifika daraja la chini ya Kirushya inakufa."

"Daraja nalo linakula umeme? Twende nikalione."

Waliondoka alasiri, Wiston amepakata mita yake, waya zake zimepitishwa dirishani hadi kwenye betri. Chaji ilikaa sawa mteremko mzima. Walipolikaribia daraja namba zikaanza kushuka, zikashuka huku injini ikinguruma vilevile, na harufu ya udongo mbichi uliochimbwa ikajaa mle ndani ingawa vioo vilikuwa wazi na upepo unapita, kisha nyuma yao, kwenye bodi ambayo walijua haina kitu, gari likalala upande mmoja taratibu, kama kitanda mtu mzito anapogeuka, na kucha zikaparuza bati.

"Usigeuke," Wiston alinong'ona. Masihara yalikuwa yamemwisha. "Frednand, ulibeba nini humu?"

"Ndizi."

"Na nini kingine?"

"Maiti. Mama yake mzee Celestini. Tulimtoa Biharamulo, tukaja kumzika hapa Kirushya."

Walimkuta Celestini shambani, anapalilia maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliwasikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe. "Siku ile nilikuomba uzime gari darajani."

"Mzee, betri ilikuwa imechoka. Ningezima, lisingewaka tena."

"Ndiyo, ukaniambia tunachelewa." Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Frednand zaidi. "Ukoo wetu, marehemu akifika mtoni anaambiwa: mama, tunavuka, njoo. Zamani machela iliwekwa chini. Siku hizi gari linazimwa. Kinachombeba kisiponyamaza, hasikii. Basi tulizika mwili tu. Mwenyewe bado yuko njiani, na anakula nguvu ya kile kinachombeba. Kesho asubuhi lilete gari darajani, ulizime, mimi nitasema naye."

Uchungu wa Avelina ulianza alfajiri.

Majirani walisukuma pikapu mpaka likawaka, likashuka kuelekea darajani likikohoa, taa nyekundu imekodoa. Avelina alikuwa ameng'ata khanga, amemshika mumewe mkono. Celestini alikuwa amekwisha kufika, kofia mkononi.

"Zima!" alipaza sauti. "Mwanangu, zima!"

Kule mbele kulikuwa na mlima, na wa kusukuma alikuwa mzee mmoja. Frednand alimpenda mkewe kuliko kitu chochote, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomkanyagisha mafuta. Alipanda darajani injini ikiwaka, harufu ya udongo ikamkaba koo, kucha zikakimbia juu ya bati kutoka nyuma kuja mbele, zikafika kwenye kioo cha mgongoni mwao, zikanyamaza, halafu bodi ikainuka kama iliyoshushwa mzigo, taa nyekundu ikazimika, taa za mbele zikawaka nyeupe na injini ikaimba kama ya gari jipya.

"Avelina, tumepona!" Alikuwa analia kwa furaha.

Mkono wa Avelina uliomshika ulikuwa umepoa.

Hospitalini mtoto alizaliwa mzima, wa kike, mwenye kilio cha nguvu. Pikapu halikusumbua tena, likawa linawaka kwa nusu ya ufunguo. Ila Avelina hakupata joto. Wauguzi walimfunika blanketi juu ya blanketi, damu ikapimwa, ugonjwa haukuonekana, naye akawa anakonda tu, na jioni harufu ya udongo uliochimbwa ilitoka kwenye pumzi yake.

Frednand akampeleka darajani, Celestini akiwangoja pale. Safari hii alizima gari bila kuambiwa, akambeba mkewe, akamketisha ukingoni.

"Mzee, sema naye sasa. Nakuomba."

Celestini alipiga magoti. Alimshika Avelina kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya moyo, dhaifu, yanaendelea, na machozi yakamlengalenga.

"Mama sasa anabebwa na mkeo. Machela huwekwa chini," alisema polepole. "Gari huzimwa. Mkeo, mwanangu, tutamzimaje?"